Tilti-shifti kwa picha za bidhaa: pima meza yako kwanza, lenzi baadae

Wadau wa picha za bidhaa, hii ni rivyuu ya lenzi za tilti-shifti, yaani lenzi zinazoweza kuinama (tilti) na kusogea kando au juu na chini (shifti) bila kusogeza kamera, nilizopata kuzitumia studio hapa Dar, nyingine yangu, nyingine za kukodi, nyingine za kuazimana na washkaji. Naiandika kwa mtu anayepiga vitu vya mezani, chupa, maboksi, viatu, saa, sahani za chakula, sio majengo. Nasema hivo mapema kwa sababu ukiulizia hizi lenzi karibu kila mtu atakwambia nunua 24mm, na 24mm ni lenzi tamu kweli kwa anayepiga hoteli na nyumba za kuuza, ila ukiipeleka mbele ya chupa ya pafyumu inabidi uisogelee mno, chupa inavimba shingoni na kuchongoka chini, mteja anaona kabisa kwamba hii sio chupa yake. Kwa hiyo 24 tunaiweka pembeni kuanzia hapa, na 17 na 19 nazo.

Tatizo lenyewe wote tunalijua. Boksi limegeuzwa kidogo, ule uso wenye maandishi unaenda mbali na kamera, fokasi umeweka kwenye herufi ya kwanza ya jina, herufi ya mwisho haiko shapu. Unafunga apecha, lile tundu la mwanga ndani ya lenzi, mpaka f/16, bado. Unaenda f/22, sasa yote imeingia lakini ukikuza picha unakuta kila kitu kimelegea, maana mwanga ukipenyezwa kwenye tundu dogo vile unatawanyika, hakuna lenzi ya bei yoyote inayokwepa hilo, na kwenye sensa ya megapikseli 45 ulegevu unaanza kuonekana mapema tu, kwenye f/11 huko. Halafu f/22 inataka mwanga mara 8 ya ule wa f/8, yaani flashi yako ndogo ya betri inapiga pawa yote kila shoti, inachelewa kuchaji, inapata moto, na siku umeme umekatika na unategemea betri peke yake ndo utajua mara 8 ni kitu gani.

Tilti inatatua hapo. Lenzi ya kawaida bapa lake la fokasi linakaa sambamba na sensa siku zote, kila kitu kilichopo kwenye umbali ule kiko shapu na kingine kinafifia. Ukiiinamisha lenzi, bapa nalo linainama, unaweza kulilaza juu ya meza au kulibandika kwenye uso wa boksi, ukapiga f/8 na maandishi yote yakasomeka kutoka mwanzo hadi mwisho. Kanuni yake inaitwa kwa jina la Theodor Scheimpflug, kapteni wa jeshi la Austria aliyeisajili Uingereza mwaka 1904 alipokuwa anahangaika kunyoosha picha zilizopigwa kutoka angani, na hata yeye alitaja kazi ya Mfaransa Jules Carpentier ya mwaka 1901. Inasema bapa la sensa, bapa la lenzi na bapa la fokasi yakirefushwa yote matatu yanakutana kwenye mstari mmoja. Basi.

Kitu kimoja watu wanauziwa vibaya, tilti HAIONGEZI eneo lenye ukali, inaligeuza tu. Ukilaza fokasi juu ya meza, vilivyolala mezani vyote viko shapu mbele mpaka nyuma, lakini chupa iliyosimama hapo hapo kichwa chake kinafifia, hasa ile ya mbele, kwa sababu eneo lenye ukali linakuwa jembamba karibu na kamera na linapanuka kadri linavyoenda mbali. Ukibandika fokasi kwenye uso mmoja wa boksi, ule uso wa pili unapoteza. Kwa hiyo kila picha unaamua bapa lipite wapi, halafu apecha inamalizia kilichobaki. Anayekwambia tilti inafanya kila kitu kiwe shapu anakuuzia lenzi.

Sasa hapa ndo penye kiini cha rivyuu yote, na ndo pale ambapo rivyuu nyingi zinapita kimya. Kila lenzi ina mwisho wa nyuzi inazoweza kuinama, 8, 8.5, 10. Watu wanaona 8 na 10 wanadhani ni tofauti ndogo, na hawajui kwamba nyuzi 8 za lenzi ya 90mm sio sawa na nyuzi 8 za lenzi ya 50mm. Hesabu yake Mkanada Harold Merklinger aliielezea vizuri zamani kwa watu wa kamera kubwa za bamba, na ni fupi: chukua milimita za lenzi, gawanya kwa umbali kutoka kwenye lenzi mpaka kwenye bapa unalolitaka ukipima sambamba na sensa, jibu ndo sine ya nyuzi unazohitaji. Kikokotoo cha simu kinatosha. Lenzi ya 90 ikiinama nyuzi 8 bapa linapita sentimita 65 hivi chini ya lenzi, ikiinama 10 linapita sentimita 52. Lenzi ya 50 kwa nyuzi 8.5 linapita sentimita 34. Ya 135 kwa nyuzi 10, sentimita 78. Ukitaka bapa lililo karibu zaidi ya hapo lenzi haifiki, nobu imegota mwisho na wewe bado hujapata picha.

Chukua mfano wa meza ya kweli. Chupa fupi za viungo vya Zanzibar, mdalasini, iliki, karafuu, pilipili manga, zimepangwa safu kutoka mbele kwenda nyuma, mteja anataka lebo zote zisomeke. Bapa nalitaka lipite katikati ya lebo. Kamera iko chini kidogo, lenzi iko sentimita 35 juu ya usawa wa lebo na inatazama chini nyuzi 20. Ukipima sambamba na sensa inakuja kama sentimita 37. Kwa lenzi ya 90 hapo unahitaji nyuzi 14. Hakuna 90 ya Canon wala 85 ya Nikon inayofika, hata ile mpya ya bei ya pikipiki haifiki. Kwa lenzi ya 50 unahitaji nyuzi 7.7, unafika na inabaki kidogo. Sasa panda juu, weka lenzi sentimita 60 juu ya lebo na uitazamishe chini nyuzi 35, inakuwa sentimita 73 hivi, na hapo ile 90 inahitaji nyuzi 7 tu, hata ya zamani inafanya. Ya 135 bado inataka zaidi ya 10, haifiki.

Umeona sasa? Kabla hujauliza bei, chukua futi ya fundi, pima kamera yako huwa inakaa wapi juu ya meza kwenye picha zinazokuingizia hela. Anayepiga chakula na bidhaa kwa angle ya chini, ya mtu aliyekaa mezani, atafute 45, 50 au 55. Anayepiga kutoka juu juu au anayebandika fokasi kwenye uso wa boksi akiwa mbali kidogo, 85 mpaka 100 ndo nyumbani kwake. 135 ni ya vitu vinavyopigwa kwa mbali, vito na saa, mahali ambapo unahitaji nafasi ya kuweka taa kati ya lenzi na kitu.

Na sio lazima bapa lifike asilimia mia. Ukiinamisha nusu ya safari na kufunga f/11 mara nyingi inatosha kabisa, kwa hiyo msichukulie zile hesabu kama sheria, ni za kukuzuia usinunue lenzi isiyofika hata robo.

Niende kwenye lenzi zenyewe.

Canon TS-E 90mm f/2.8 ya zamani, ile ya mwaka 1991. Hii ndo ninayoitumia zaidi na ndo ninayoipendekeza kwa mtu wa kawaida mwenye studio ya kawaida. Gramu 565 tu, inainama nyuzi 8, inasogea milimita 11 kila upande, na ukali wake kuanzia f/5.6 unakubalika hata kwenye kamera za megapikseli nyingi za sasa. Udhaifu wake upo kwenye ukaribu, inaishia 0.29x, yaani kitu kinachorwa kwenye sensa kwa 0.29 ya saizi yake halisi, maana yake kwenye fulu fremu (sensa ya 36mm kwa 24mm) kitu kidogo kabisa kinachojaza picha ni kama sentimita 12 kwa 8. Boksi la sabuni sawa, kiatu sawa, chupa sawa, pete hapana. Dawa ya hilo ipo na ni rahisi, tyubu ya milimita 25 kati ya kamera na lenzi inakuvusha nusu ya saizi halisi, na tilti inaendelea kufanya kazi kama kawaida.

Udhaifu wa pili unawasumbua wengi: kutoka kiwandani tilti na shifti zake zimekaa mkingamo. Ukiinamisha lenzi kwenda chini, shifti inaenda kushoto na kulia. Kazi ya mezani mara nyingi inataka zote mbili chini, unalaza fokasi na huku unashusha fremu. Kwa hizi za zamani, 24 ya kwanza, 45 na 90, unafungua skrubu nne ndogo, unageuza sehemu ya nyuma robo duara, unafunga tena. Kuna waya bapa mwembamba ndani usivutwe wala kukunjwa, kwa hiyo kama mkono wako sio wa skrubu ndogo mpe fundi wa kamera anayejua, ni kazi ya muda mfupi. Baada ya hapo lenzi ni nyingine kabisa.

Ndugu yake ya 45mm ina fokali (zile milimita) nzuri sana kwa chakula, lakini pembezoni inaacha kingo za zambarau na kijani kwenye vitu vyeusi juu ya vyeupe, na picha za bidhaa ndo hivo tu, herufi nyeusi boksi jeupe. Programu inasafisha sehemu kubwa ila ukishashifti programu haijui tena katikati ya lenzi iko wapi, inabidi usafishe kwa mkono. Kama unaweza kupata 50 mpya, ruka hii.

Mwaka 2017 Canon walitoa tatu kwa mpigo, 50mm f/2.8L, 90mm f/2.8L na 135mm f/4L, zote makro (za kusogelea kitu kwa karibu sana) za nusu saizi, zote zilitangazwa kwa dola 2,199. Nimewahi kufanya kazi na 50 na 90. Kwanza kabisa sehemu ya tilti inazunguka peke yake bila kufuata shifti, kwa hiyo ile biashara ya skrubu imekwisha, unageuza kwa kidole tu hata ikiwa kwenye kamera. 90 na 135 zinainama nyuzi 10, 50 inainama 8.5, zote shifti milimita 12. Nobu ni kubwa, zina kufuli, na ukifunga tilti imefungwa kweli haitelezi hata kamera ikitazama chini wima. Ukali wa 50 hata ikiwa wazi f/2.8 unashangaza, na nusu saizi maana yake unajaza fremu kwa kitu cha sentimita 7. Kama kazi yako ni menyu za mahoteli na vyakula vya kwenye pakiti na wateja wanalipa vizuri, 50 hii nasema bila kusita ndo lenzi bora ya mezani niliyowahi kuishika. 90 mpya ni nzuri pia lakini ukilinganisha na ile ya zamani unalipia hela nyingi kwa nyuzi mbili, ukaribu na huo mzunguko, na ni nzito, gramu 915, tripodi nyepesi inayumba nayo.

Na zote hizi za Canon, za mfumo wao wa EF wa kabla ya kamera za R, zinaingia kwenye kamera za Canon R kwa adapta ya kawaida bila kupoteza kitu, apecha inafanya kazi, data inaandikwa. Kwenye Sony nazo zinaingia kwa adapta yenye mawasiliano ya umeme. Fokasi ni ya mkono kwenye lenzi zote hizi, kwa hiyo ile hofu ya adapta kuchelewesha fokasi haipo.

Nikon, kuna PC-E Micro 85mm f/2.8 ya mwaka 2008, na 45mm ndugu yake. Nyuzi 8.5, shifti 11.5, nusu saizi. Kwa macho yangu picha yake inaonyesha mikwaruzo midogo ya ngozi na nyuzi za kitambaa kwa namna ambayo wateja wa mikoba na vitenge wanaipenda sana. Tatizo ni lile lile la mkingamo, na hapa kubadilisha sio skrubu nne za kufungua nyumbani, ni kazi ya fundi wa huduma. Kama tayari una mwili wa Nikon na unaipata ya mtumba kwa bei ya maana ambayo tayari imeshageuzwa, chukua. Ila kubadilisha mfumo mzima kuhamia Nikon kwa ajili yake, hapana.

Halafu Wachina. Hapa ndo bei zimebadilisha mchezo na nashukuru sana, maana zamani tilti-shifti ilikuwa kitu cha studio kubwa tu. Laowa wana 55mm f/2.8 na 100mm f/2.8, zote makro ya saizi halisi moja kwa moja, nyuzi 10, shifti 12, na kila sehemu inazunguka kivyake. Kwenye karatasi zinaipita Canon ya 2017 kwa ukaribu na kwa bei. Kwenye meza, 100 niliyoazima ilikuwa shapu sana na rangi safi. Kinachokosekana ni mawasiliano na kamera, hakuna hata pini moja. Apecha unazungusha mwenyewe, kamera haijui uko f/ngapi. Kwa mtu wa studio hilo linaingia kwenye utendaji hivi: unapanga fokasi apecha ikiwa wazi ili uone vizuri, halafu unazungusha pete mpaka f/8 au f/11, na katika kuzungusha unaweza kuigusa fokasi au tilti ukaharibu ulichopanga. Dawa ni kufunga kufuli zote kabla ya kugusa apecha, au kupanga fokasi apecha ikiwa tayari imefungwa huku umezima ile seting ya skrini kuonyesha giza halisi. Ukizoea haikupi shida. Kwa anayeanza leo na hana lenzi hata moja ya Canon, 55 ya Laowa kwa kazi ya chakula na angle ya chini ningeipa nafasi ya kwanza, kwa sababu nyuzi 10 kwenye 55mm bapa linafika mpaka sentimita 32, karibu kuliko hata 50 ya Canon.

TTArtisan 100mm f/2.8 makro yenye tilti-shifti inavuka huko, inafika mara mbili ya saizi halisi, kitu cha sentimita 1.8 kinajaza fremu. Kwa wauza vito na madini, tanzanaiti iliyokatwa, pete, hereni, hii ni zawadi. Ila shifti yake ni milimita 6 tu na tilti nyuzi 8, na nyuzi 8 kwenye 100mm unajua sasa maana yake, bapa linaishia sentimita 72. Kwa safu ya chupa mezani sahau, kwa pete moja iliyolala tumia bila wasiwasi maana pale nusu ya tilti inatosha. Wana pia 50mm f/1.4 ya tilti bila shifti, ndo njia rahisi kuliko zote ya kuonja hiki kitu, nyuzi 8 kwenye 50mm ni nyingi na zinafaa meza. Shida yake ni kwamba haisogelei vya kutosha na kukosa shifti kwenye bidhaa kunauma, ntaeleza.

Fujifilm nao mwaka 2023 walileta GF 110mm f/5.6 T/S Makro kwa sensa zao kubwa. Nyuzi 10, shifti 15. Sijaigusa na kwa soko letu ni kwa studio chache sana, naitaja tu ujue ipo.

Kama una mirolesi (kamera isiyo na kioo cha ndani) na hela haitoshi hata kwa Mchina, kuna adapta za tilti-shifti, Kipon wanatengeneza, unaweka lenzi ya zamani ya kamera za filamu kubwa kama Mamiya 645 ambayo duara lake la picha ni pana kuliko sensa yako. 80mm ya Mamiya na adapta ya namna hiyo inatoa picha ya bidhaa ya kuheshimika. Kufuli za adapta huwa ndo sehemu dhaifu, kagua hapo.

Shifti sasa, maana watu wanaongelea tilti tu wakati kwenye bidhaa nahisi shifti inafanya kazi karibu sawa. Boksi la chai limesimama, unalitazama kutoka juu kidogo ili kifuniko kionekane, ukiinamisha kamera kingo za boksi zinachongoka kwenda chini. Badala yake weka kamera sawa, mgongo wake wima kabisa, ipandishe juu ya boksi, halafu shusha shifti mpaka boksi lirudi kwenye fremu. Kifuniko unakiona, na kingo ziko wima. Kunyoosha kwa programu kunawezekana ila kunavuta pikseli, na herufi ndogo za viambato ndo zinaumia kwanza. Ya pili ni vitu vinavyong'aa, birika la chuma, skrini ya runinga, kioo cha meza ya kujipodolea. Unajiona wewe na tripodi yako ndani yake. Sogeza kamera pembeni utoke kwenye taswira, shifti upande wa pili kurudisha kitu katikati, kitu kinaonekana kimepigwa kutoka mbele na wewe haupo. Ya tatu, bila kugusa kamera unapiga shifti kushoto kisha kulia na kuunganisha, kwa milimita 11 kila upande sensa ya 36mm inafanya kazi ya 58, kwa mabango ya barabarani inasaidia sana.

Niwaonyeshe ninavyoipanga kwa boksi la sabuni ya mwani, lile lililogeuzwa robo, uso wa jina unaenda mbali kuelekea kulia. Lenzi ni 90 ya zamani, iko sentimita 70 kutoka katikati ya uso huo, uso umekaa nyuzi 45. Hesabu inasema 7.4, ndani ya uwezo wake. Nazungusha lenzi ili tilti iende kando badala ya chini. Tilti kwenye sifuri kwanza, nakuza skrini mara 10, naweka fokasi kwenye ukingo wa karibu mpaka naona nyuzi za karatasi. Nahamisha ukuzaji kwenye ukingo wa mbali, herufi zimefifia, nainamisha lenzi taratibu kuelekea upande wa ukingo wa karibu, kushoto hapa, ili ikaribie kuwa sambamba na uso, mpaka herufi zinakaza. Narudi karibu, fokasi imehama kidogo, naisahihisha, naenda tena mbali. Ukienda na kurudi hivo kila mara kinachobaki ni kidogo zaidi, mpaka unafika mahali pande zote mbili zimesimama na katikati pamejipa penyewe. Nafunga kufuli. f/8, shoti. Ule uso wa pili wa boksi, wenye viambato, unafifia, na kama mteja anauhitaji napiga f/13 au napiga shoti ya pili bapa likiwa upande ule na kuziunganisha.

Kuna watakaosema kwa nini usipige picha nyingi kwa fokasi tofauti na kuziunganisha kwenye programu kama Helicon Focus, lenzi ya kawaida ya makro inatosha. Ni kweli, na kwa kitu kilichokaa kimya njia hiyo inakupa ukali wa mbele mpaka nyuma NA juu mpaka chini, jambo ambalo tilti haiwezi. Mtu anayepiga saa na vito peke yake pengine hahitaji lenzi hizi kabisa. Lakini asali ya Tabora inadondoka kwenye kijiko, mvuke unatoka kwenye kahawa, juisi inamiminwa, hapo huwezi kupiga picha ishirini za kuunganisha, kila moja tone liko mahali pengine. Na mzigo ukiwa mkubwa, katalogi ya duka zima la Kariakoo, maboksi ya saizi moja yanapita mezani moja baada ya jingine, ukishapanga tilti mara moja umemaliza, kila boksi ni shoti moja na faili moja.

Kwa mpangilio wangu basi: angle ya chini na chakula, 50 ya Canon ya 2017 kama mfuko unaruhusu, la sivyo 55 ya Laowa. Maboksi, viatu, mikoba, vipodozi, 90 ya Canon ya 1991 ya mtumba na tyubu ya 25mm, hii ndo inayorudisha hela haraka. Vito tu, TTArtisan 100. Na kama kazi za namna hii zinakuja mara moja moja, kodi.

Ukienda kuangalia ya mtumba, nenda na kamera yako na tochi. Hizi lenzi zina viungo vingi na hewa yetu ya pwani ina unyevu na chumvi, mulika tochi kutoka nyuma uangalie fangasi, vile vinyuzi vya buibui kwenye kioo, kisha angalia gia za nobu kama zina kutu au mchanga. Zungusha tilti mpaka mwisho pande zote mbili, isikwame na isiwe na mchezo. Ifunge, tazamisha kamera chini, subiri kidogo uone kama inateleza yenyewe. Halafu kwa za Canon fanya jaribio hili ambalo wauzaji wengi hawalifanyi: weka f/11, inamisha mpaka mwisho, shifti mpaka mwisho, piga picha, zungusha lenzi upande wa pili, rudia. Kama kamera inaandika Err 01 kwenye mkao mmoja wakati lenzi ikiwa imenyooka inapiga vizuri, ule waya bapa wa ndani unakatika, na bei yake inatakiwa ishuke kwa gharama ya fundi na kipuri. Muuzaji akikukatalia kufanya jaribio hilo mbele yake, mrudishie lenzi yake uondoke.